Mtei: gavana wa kwanza na bei ya shilingi

WAFANYABIASHARA wa Kariakoo wanaoagiza mali kutoka Guangzhou, Dubai au Istanbul huanza hesabu zao kwa swali moja: dola ni shilingi ngapi leo? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua bei ya kitenge Mtaa wa Kongo, bei ya vipuri vya magari Gerezani na kiasi kitakachobaki mfukoni baada ya kulipa forodha, kodi ya fremu na ujira wa wabeba mizigo.

Siku hizi swali hilo huulizwa waziwazi, kila mtu akisikia. Lakini kilikuwapo kipindi ambapo bei ya dola ilikuwa jambo la Serikali peke yake, na kuibishia ilikuwa sawa na kubishia siasa ya nchi. Edwin Mtei aliibishia akiwa ndani ya Baraza la Mawaziri, na ubishi huo ukamgharimu kiti cha Waziri wa Fedha mwezi Desemba 1979. Ni yeye huyo huyo aliyekuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, aliyesimamia kutolewa kwa shilingi ya nchi hii mwaka 1966.

Historia ya mtumishi huyo wa umma ni historia ya shilingi yenyewe. Na kwa kuwa gharama ya ubishi ule ililipwa zaidi na wanunuzi na wauzaji wa mjini kuliko na waliokuwa wakibishana, wenye maduka wa leo wana sababu ya kuijua.

KUTOKA MARANGU HADI HAZINA

Mtei alizaliwa Marangu, mkoani Kilimanjaro, mwezi Julai 1932. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mbuzi, jambo ambalo mwenyewe alilitia hadi katika jina la kitabu cha maisha yake kilichochapishwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam mwaka 2009. Alisoma hadi Makerere, Uganda, ambako ndiko vijana wachache wa Tanganyika waliobahatika walikokuwa wakienda kutafuta elimu ya juu, kwani nchini hapakuwa na chuo kikuu.

Alijiunga na utumishi serikalini muda mfupi kabla ya Uhuru. Kipindi hicho kilikuwa cha haraka. Maofisa wa kikoloni walikuwa wakifunga mizigo na Waafrika wenye shahada walikuwa wakihesabika kwa vidole, hivyo kijana mwenye uwezo alipanda ngazi kwa miaka michache ambayo kwa kawaida zingemchukua miaka ishirini. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 Mtei alikuwa Katibu Mkuu wa Hazina, yaani mtendaji mkuu wa wizara inayoshika mfuko wa nchi.

NOTI MPYA MJINI

Wakati huo Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia sarafu moja, shilingi ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikitolewa na Bodi ya Sarafu iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1919. Bodi hiyo haikuwa benki kuu. Ilikuwa kama duka la kubadilishia: ukileta pauni moja ya Uingereza unapewa shilingi 20, ukirudisha shilingi 20 unapewa pauni yako. Nchi haikuwa na uwezo wa kuamua wingi wa fedha wala riba yake.

Mwaka 1965 nchi hizo tatu ziliamua kila moja iwe na benki yake kuu. Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa jijini Dar es Salaam, na Mtei akawa Gavana akiwa hajatimiza miaka 34. Noti za zamani zilibadilishwa kwa noti mpya shilingi kwa shilingi, nazo noti hizo mpya zilibeba saini yake. Bei ya pauni ilibaki shilingi 20 na dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14.

Jaribio la kwanza lilikuja upesi. Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya pauni. Nchi za Afrika Mashariki zilikataa kuifuata, na kwa mara ya kwanza shilingi ikatembea njia yake. Pauni iliyokuwa ya shilingi 20 ikawa ya shilingi 17 na senti kadhaa. Kwa mwenye duka aliyeagiza baiskeli au vitambaa Uingereza, mali ilishuka bei. Kwa aliyeuza mkonge na kulipwa kwa pauni, kila pauni ilimletea shilingi chache kuliko jana. Bei ya fedha haina rafiki wa kudumu. Anayenunua nje hufurahi shilingi ikiwa na nguvu, na anayeuza nje huumia. Somo hilo la 1967 ndilo lililorudi kwa ukali miaka kumi na miwili baadaye.

AZIMIO NA MABENKI

Benki Kuu ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967. Tarehe 6 Februari Serikali ilitaifisha mabenki yote ya biashara, yakiwemo matawi ya mabenki makubwa ya Uingereza yaliyokuwa katikati ya jiji. Mali na madeni ya mabenki hayo vikaunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, chini ya uongozi wa Amon Nsekela.

Kwa mwananchi wa kawaida jambo la msingi lilikuwa moja: je, fedha zangu zipo? Benki Kuu changa ilijikuta ikisimamia mfumo uliopoteza wamiliki wake kwa usiku mmoja, na wataalamu wengi wa kigeni wakiondoka. Milango ya benki ilifunguliwa na amana zikalipwa. Huo ulikuwa mtihani ambao nchi nyingi changa zingeufeli, na kufaulu kwake kulimpa Gavana huyo kijana jina la mtu anayeweza kukabidhiwa mzigo.

Mtei alikaa Benki Kuu hadi 1974. Katika miaka hiyo biashara ya jumla iliondolewa mikononi mwa watu binafsi hatua kwa hatua. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 yalitaifishwa, na sura ya umiliki wa nyumba katikati ya jiji na Kariakoo ikabadilika. Baadaye zikaja kampuni za biashara za mikoa, maarufu RTC, zilizopewa kazi ya kugawa sukari, sabuni, khanga na bidhaa nyingine, na Tume ya Bei ikaanza kupanga bei za mamia ya bidhaa. Soko jipya la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliwakuta wafanyabiashara wakiwa tayari wameanza kuzoea bei ya kupangiwa.

ARUSHA, KISHA WIZARANI

Mwaka 1974 Mtei alipelekwa Arusha kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Alikabidhiwa nyumba iliyokuwa ikibomoka. Idi Amin alikuwa ameshika madaraka Kampala tangu 1971 na Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja. Kenya na Tanzania nazo zilivutana kuhusu reli, ndege na mgawanyo wa faida. Mapema mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika, na mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kufikia katikati ya mwaka huo Jumuiya ilikuwa imekwisha.

Mwezi Februari huo huo Mtei aliitwa Dar es Salaam kuwa Waziri wa Fedha. Mwanzoni bahati ilionekana kuwa upande wake. Baridi kali iliyounguza mikahawa ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na wakulima wa Kilimanjaro na Kagera waliiletea nchi fedha za kigeni kwa wingi. Akiba ya Benki Kuu ilijaa. Mashirika ya fedha ya dunia yakashauri masharti ya uagizaji yalegezwe, na mwaka 1978 Serikali ikayalegeza.

Mali iliingia na fedha zikatoka. Bei ya kahawa ilipoanguka, leseni za kuagiza zilikuwa zimekwisha kutolewa na ankara zilikuwa njiani. Kufikia mwishoni mwa 1978 akiba ilikuwa imekauka. Kosa hilo la kufungua mkono wakati wa neema lilitokea wizara ikiwa mikononi mwa Mtei, na haki ya historia inadai litajwe.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Vita vilivyofuata viliisha mwaka 1979 kwa ushindi, Kampala ikianguka Aprili 11, lakini gharama yake ilikadiriwa kufikia dola milioni 500. Mwaka huo huo bei ya mafuta duniani ilipanda tena. Nchi ilikuwa na jeshi la kulipia, mafuta ya kununua na hazina tupu.

DESEMBA 1979

Palibaki mlango mmoja wa kubisha hodi: Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Masharti ya shirika hilo yalikuwa ni pamoja na kushusha thamani ya shilingi, kubana matumizi ya Serikali na mikopo yake kutoka benki, kuzuia ongezeko la mishahara, kupandisha riba na kulegeza udhibiti wa bei na uagizaji.

Mtei aliona kuwa nchi haina budi kukubaliana. Hoja yake ilikuwa ya mtu wa vitabu vya hesabu. Dola ilikuwa ikiuzwa rasmi kwa shilingi 8 na senti kidogo, lakini kwa bei hiyo Benki Kuu haikuwa na dola za kuuza. Bei isiyokuwa na mali nyuma yake si bei. Aidha, mkulima wa kahawa, pamba au korosho aliyelipwa kwa kipimo hicho alikuwa akipunjwa, na angeendelea kupunguza kilimo au kuvusha mazao yake mpakani usiku.

Mwalimu Nyerere alikataa, naye hakukosa hoja. Kushusha thamani ya shilingi kungepandisha mara moja bei ya mafuta, dawa na vitabu, na mzigo ungemwangukia mfanyakazi wa mshahara. Mkahawa hauongezi matunda msimu huu kwa sababu dola imepanda. Kubana matumizi maana yake kungekuwa kufunga shule na zahanati ambazo ndizo zilizokuwa matunda ya Uhuru. Juu ya yote hayo ilikuwapo hoja ya heshima ya nchi: nani anaamua mambo ya Tanzania, wananchi wake au maofisa wa Washington? Katika salamu zake za mwaka mpya kwa mabalozi, Januari 1980, Mwalimu alihoji hadharani tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima.

Wakati salamu hizo zinatolewa Mtei hakuwa tena waziri. Alikuwa amejiuzulu Desemba 1979. Katika siasa za chama kimoja waziri alihamishwa au kuondolewa. Kuondoka mwenyewe kwa sababu ya kutokubaliana na sera lilikuwa jambo la nadra. Amir Jamal, aliyekwisha kuishika wizara hiyo zaidi ya mara moja, akarudishwa kuiongoza, na Mtei akageukia kilimo cha kahawa mkoani Arusha. Aliyebishania bei ya shilingi kwa niaba ya wakulima sasa alikuwa mmoja wao.

HESABU YA MWENYE DUKA

Kilichofuata kinakumbukwa na kila aliyekuwa mtu mzima jijini miaka ile. Sabuni, sukari, dawa ya meno, unga wa ngano, betri na khanga vilitoweka madukani. Foleni zilianza alfajiri. Wapo waliofulia nguo kwa majani ya mpapai. Bidhaa zilikuwapo, lakini zilikuwa chini ya meza na kwa bei ya kuruka.

Viongozi wengi waliona chanzo cha hali hiyo ni ulafi wa walanguzi. Ulafi ulikuwapo, bila shaka. Lakini hesabu ya mwenye duka ilikuwa na mambo mengine ndani yake.

Chukulia katoni ya sabuni iliyouzwa na kiwanda cha nje kwa dola 10. Kwa bei rasmi ya mwaka 1979 hizo ni shilingi 82 hivi. Tume ya Bei ingeongeza usafiri na faida ndogo na kuagiza iuzwe, kwa mfano, shilingi 100. Mfanyabiashara akienda benki kuomba dola 10 anajibiwa kuwa hazipo. Akizipata kwa njia ya magendo kwa shilingi 30 kila moja, katoni imemgharimu shilingi 300 kabla haijafika dukani. Akiiuza 100 anafilisika, na akiiuza 350 ni mhalifu. Lililobaki ni kutoagiza kabisa, au kuagiza na kuficha.

Namba za mfano huo ni za kueleweshea tu, lakini ndivyo mambo yalivyokwenda. Bei ya dola iliyowekwa ili kumlinda mnunuzi ndiyo iliyomwondolea mali ya kununua. Aliyenufaika ni yule mwenye kibali au mwenye ndugu ofisini, aliyepata dola kwa shilingi 8 na kuuza mali yake kwa bei ya mtaani. Tofauti kati ya bei mbili ikawa mshahara wa wachache.

Machi 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, msako wa wahujumu uchumi ulifanyika nchi nzima. Maduka, maghala na nyumba vilipekuliwa na watu wengi wakawekwa ndani, wakubwa kwa wadogo. Kwa siku chache mali iliyofichwa ilionekana, kisha nayo ikaisha. Msako uliweza kuvuta nje kilichokuwamo ghalani, lakini haukuweza kuagiza meli nyingine.

Tanzania haikuwa peke yake. Ghana iliishikilia dola kwa cedi 2 na nusu na ushee tangu 1978 hadi 1983, na Accra ikashuhudia foleni zile zile, magendo yale yale na kakao ikivuka mipaka. Ghana iligeuza sera mwaka 1983, Tanzania ikasubiri zaidi.

KUSHUKA KWA VIPANDE

Shilingi ilishuka hata hivyo. Mkataba mfupi na IMF wa mwaka 1980 ulivunjika ndani ya miezi michache. Juni 1983 dola ikapandishwa hadi shilingi 12, na Juni 1984 hadi 17. Bajeti hiyo ya 1984, iliyosomwa na Cleopa Msuya, ndiyo wazee wa Kariakoo wanayoitaja kuwa mwanzo wa maduka kujaa tena. Iliondoa bidhaa nyingi kwenye orodha ya bei za kupangiwa na kumruhusu mwenye fedha zake nje kuagiza mali bila kuulizwa alizipata wapi. Mitumba, pikipiki, redio na vitambaa vikaanza kuonekana.

Novemba 1985 Rais Ali Hassan Mwinyi alichukua madaraka kutoka kwa Mwalimu. Bei ya dola mitaani wakati huo ilikuwa zaidi ya mara tano ya bei rasmi. Katikati ya 1986 dola ikapandishwa kwa mkupuo hadi shilingi 40, na mwezi Agosti mkataba na IMF ukasainiwa. Jambo ambalo Mtei alilipendekeza Desemba 1979 lilikuwa limekubaliwa baada ya miaka sita na ushee.

Baada ya hapo ngazi haikuwa na mwisho wa karibu. Mwaka 1990 dola ilikaribia shilingi 200 na mwishoni mwa 1993 ilikaribia 480. Mwaka 1992 sheria mpya iliruhusu maduka binafsi ya kubadilishia fedha, na vibao vyenye bei ya dola vikatundikwa barabarani Samora na Kariakoo. Kitendo kilichokuwa kikimpeleka mtu jela kikawa biashara yenye leseni.

WASHINGTON NA TUME YA KODI

Mtei aliyashuhudia mengi ya hayo akiwa upande wa pili wa meza. Kuanzia 1982 hadi 1986 alikuwa Mkurugenzi Mtendaji katika IMF huko Washington, akiwakilisha kundi la nchi za Kiafrika. Hapana budi kusema kuwa kurudi kwake katika kazi ya kimataifa chini ya Serikali ile ile aliyotofautiana nayo kunawapa sifa pande zote mbili. Ugomvi ulikuwa wa sera, na uwezo wa mtu haukutupwa.

Kazi yake kubwa ya mwisho kwa Serikali ilikuwa ya kodi. Aliongoza Tume ya Rais iliyochunguza mapato, kodi na matumizi ya umma, iliyojulikana kwa kifupi kama Tume ya Mtei, na ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1991. Ujumbe wake mkuu ulikuwa kwamba viwango vya kodi vilikuwa vya juu na walipaji wachache, hivyo aliye mwaminifu alibebeshwa mzigo wa asiye mwaminifu. Dawa ni kupunguza viwango, kuongeza walipaji, kuondoa misamaha isiyo na maana na kuimarisha ukusanyaji. Mageuzi yaliyokuja baadaye yalifuata mwelekeo huo: Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilianza kazi Julai 1996, na Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, ikaanza Julai 1998 kwa asilimia 20 kabla ya kushushwa hadi 18 mwaka 2009.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 Mtei aliongoza kuundwa kwa Chama cha Demokrasia na Maendeleo, CHADEMA, akawa mwenyekiti wake hadi 1998. Aliyemfuata, Bob Makani, naye alitoka Benki Kuu alikowahi kuwa Naibu Gavana. Si ajabu kwamba miaka ya mwanzo ya chama hicho mazungumzo yake yalielemea uchumi huria na sekta binafsi. Hata hivyo mambo ya vyama ni ya ukurasa mwingine.

NANI ALILIPA?

Je, Mtei alikuwa sahihi na Mwalimu akakosea? Wapo wanaojibu upesi, lakini hesabu ina pande mbili.

Upande mmoja ni wazi. Shilingi ambayo haikushushwa kidogo kwa hiari mwaka 1979 ilikuja kushuka sana kwa kulazimika. Katika kungoja huko kupanda kwa bei kulikaribia asilimia 30 kwa mwaka kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980, mshahara ukawa hautoshi wiki mbili, na nchi ikafunza kizazi kizima kwamba njia ya kupata kilo ya sukari ni kumjua mtu. Tabia ya rushwa ndogondogo iliyoota wakati wa uhaba haikuondoka uhaba ulipoondoka.

Upande wa pili nao hauwezi kufutwa. Mambo mengi ambayo Mwalimu aliyahofia yalitokea milango ilipofunguliwa. Viwanda vya nguo, kikiwemo Urafiki cha Ubungo, vilizidiwa na mitumba na vitambaa vya nje. Wazazi walianza kuchangia ada za sekondari na wagonjwa wakaanza kuchangia matibabu. Maelfu ya vijana waliokosa ajira viwandani na mashambani waliingia Kariakoo na mali mkononi, na hao ndio waliokuja kuitwa wamachinga. Soko lilijaa mali, lakini si kila mtu alikuwa na fedha ya kununua.

Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba mkataba wa 1979 ungeiepusha nchi na yote hayo. Vita, mafuta na ukame havikuwa chini ya mamlaka ya waziri wa fedha yeyote. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba mwaka 1979 nchi ilikuwa bado na nafasi ya kujadiliana ikiwa na kitu mkononi, na mwaka 1986 ilikwenda mezani mikono mitupu. Anayechelewa kujadili bei hujadili akiwa na njaa.

SWALI LILILOBAKI

Ubishi wa Desemba 1979 haujazikwa, umebadilisha nguo tu. Februari 2019 ukaguzi mkali wa Serikali jijini ulifunga maduka mengi binafsi ya kubadilishia fedha, kwa maelezo kwamba yalivunja sheria. Mwaka 2023 waagizaji wengi walilalamika kuwa dola haipatikani benki kwa bei iliyotangazwa, na waliokuwa na haraka walilipa zaidi pembeni. Mwezi Mei mwaka huo huo wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku kadhaa wakilalamikia namna kodi inavyokusanywa, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipokutana nao Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Malalamiko yao makubwa, kwamba mzigo wa kodi hauko sawa na kwamba aliye wazi ndiye anayekamuliwa, yanafanana sana na yale yaliyoandikwa na Tume ya Mtei zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Kwa mwenye duka, funzo la maisha ya Gavana huyo wa kwanza ni la kuangalia tofauti kati ya bei mbili. Bei ya dola kwenye tangazo na bei ya dola mtaani zikiwa karibu, mtu aagize mali yake kwa utulivu. Zikianza kuachana, ajue kuwa kuna jambo ambalo halijasemwa, na apunguze kukopesha na kukopa kwa dola hadi litakaposemwa.

Na kwa wanaoshika Hazina na Benki Kuu, funzo ni kwamba mwenye kuleta hesabu mbaya mapema apewe nafasi ya kusikilizwa. Desemba 1979 waziri aliondoka na hesabu yake, lakini mahesabu yenyewe yalibaki pale pale, na miaka iliyofuata yalilipwa kwenye foleni za sabuni na sukari.